Kicheche wa Uingereza Amerudi, Utamwona Wapi?

Ukitaka kumwona kicheche wa porini nchini Uingereza, njia ya uhakika ni kumkuta amekufa. Sisemi kwa mzaha. Sehemu kubwa ya yale ambayo wanasayansi wa nchi hiyo wanayajua kuhusu mnyama huyu imetokana na mizoga iliyookotwa kandokando ya barabara. Wapo wakulima wanaomfahamu vizuri, kwa rangi, kwa uzito na kwa harufu yake isiyosahaulika, ila hawajawahi kumwona akitembea kwa miguu yake.

Na wala si mnyama adimu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 na Mammal Society, chama cha wataalamu wa wanyama wanaonyonyesha, yaliweka idadi yao katika England, Wales na Uskoti kuwa takriban 83,000. Hiyo ni idadi ya kujaza uwanja mkubwa wa mpira. Lakini muulize mpita njia wa Birmingham au Bristol kama amewahi kumwona hata mmoja, atakutazama tu. Miaka mia moja iliyopita jibu kama hilo lingeeleweka, kwa sababu wakati huo kicheche alikuwa amefutika karibu nchi nzima. Leo amerudi, tena kwa sehemu kubwa amerudi mwenyewe, na watu wengi hawana habari.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kicheche wake: yule mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni, mkazi wa nyika za Kenya na Tanzania, ambaye akibanwa hutoa uvundo wa kumkimbiza mbwa. Huyu wa Ulaya, ambaye kitaalamu huitwa Mustela putorius, ni wa familia hiyohiyo, inayowajumuisha pia nyegere na fisi-maji. Hana mistari mgongoni, lakini tezi za uvundo anazo chini ya mkia, na akiogopa huzitumia bila kujadiliana.

Dume hufikia sentimita 33 hadi 45 kutoka pua hadi kitako, mbali na mkia wa sentimita 12 hadi 19. Uzito wake kwa kawaida ni kilo moja na ushei, na jike ni mdogo kwake kwa mbali. Mwili ni mrefu na mwembamba, miguu ni mifupi, na akikimbia mgongo hupinda juu na kunyooka, mwendo wa kurukaruka. Manyoya yake yana tabaka mbili. La juu ni nywele ndefu za hudhurungi iliyokoza, ukizitazama kwa mbali utasema nyeusi. La chini ni sufu laini yenye rangi ya malai. Anapojipinda, nywele za juu hufunguka na ile sufu huchungulia ubavuni, kwa hiyo mnyama huyohuyo mmoja huonekana mweusi sasa hivi na wa manjano kidogo hatua mbili mbele. Hasa wakati wa baridi, sufu ikiwa nzito, tofauti hiyo humshangaza anayemwona mara ya kwanza.

Lakini kinachomtambulisha zaidi ni uso. Mdomo ni mweupe. Juu yake unapita utepe mweusi unaozunguka macho na kushuka hadi kwenye pua. Juu ya utepe huo weupe unarudi tena, ukipita kwenye paji na kuteremka mashavuni, na kingo za masikio nazo ni nyeupe. Waingereza humwita jambazi aliyevaa barakoa, na historia yake inaonyesha kwamba walimchukulia hivyo kwelikweli.

Tangu karne ya 16 sheria za Uingereza zilimweka katika orodha ya wanyama waharibifu. Sheria ya mwaka 1566, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliwaagiza wazee wa makanisa ya vijijini kumlipa yeyote atakayeleta kichwa cha mnyama aliyetajwa humo, na kicheche alikuwa mmojawapo. Kosa lake lilikuwa kuku. Akiingia bandani haridhiki na mmoja, kwa kuwa silika yake humtuma kuua kila kinachopapatika na kuweka akiba, na asubuhi mwenye kuku hukuta msiba. Hata hivyo malipo hayo ya makanisa hayakummaliza. Kijiji kina mashimo mengi na watu wana kazi nyingine za kufanya.

Aliyemmaliza ni mwajiriwa wa kudumu. Katika karne ya 19 matajiri wa Uingereza waligeuza maelfu ya ekari kuwa mashamba ya kuwinda ndege, hasa fezanti, jamaa wa kuku anayelelewa kwa wingi kisha kuachiwa aruke apigwe risasi. Kila shamba liliajiri walinzi wa mawindo, na mlinzi alipimwa kwa wingi wa fezanti waliosalimika hadi siku ya wageni. Mnyama yeyote mla nyama alihesabiwa kuwa mwizi. Silaha yao kuu haikuwa bunduki, ilikuwa mtego wa chuma wenye meno, unaobana mguu na kuung'ang'ania mpaka mtegaji aje. Kicheche ni rahisi mno kunaswa. Hupenda kufuata kuta za mawe na nyua za vichaka, huingiza kichwa katika kila tundu, na hana ile hadhari ya mbweha.

Shamba la Glengarry, katika nyanda za juu za Uskoti, liliacha orodha ya wanyama waliouawa humo kati ya 1837 na 1840. Vicheche ni 106. Ziko shaka kuhusu baadhi ya tarakimu za orodha hiyo, nami nisingependa kuzitetea moja baada ya moja, lakini mwelekeo wake unalingana na ushahidi mwingine. Kule Dumfries, kusini mwa Uskoti, palikuwa na soko la ngozi lililouza mamia ya ngozi za vicheche kwa mwaka miaka ya 1830. Miongo minne baadaye hapakuwa na hata ngozi moja ya kuuza. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uskoti ilikuwa imempoteza kabisa, na England karibu yote pia.

Alibaki wapi? Katika milima na mabonde ya katikati ya Wales, eneo linalozunguka mji wa pwani wa Aberystwyth, pamoja na vipande vya Herefordshire na Shropshire mpakani. Si kwamba watu wa Wales walimpenda zaidi. Ardhi yao ilikuwa ya mawe na mvua, ya kondoo, na matajiri hawakuitamani kwa kuwinda fezanti. Pasipo na fezanti hapana mlinzi, na pasipo na mlinzi mitego ni michache. Umaskini wa ardhi ndio uliomhifadhi.

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Walinzi wa mawindo walikwenda kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, wengi hawakurudi, na mashamba mengi makubwa hayakuweza tena kulipa jeshi la walinzi kama zamani. Vicheche wa Wales walianza kuchungulia nje ya ngome yao. Mwaka 1953 ukaja ugonjwa wa miksomatosisi, uliofyeka takriban asilimia 99 ya sungura wa Uingereza. Sungura ndiye chakula kikuu cha kicheche, hivyo ungetegemea balaa. Ila magharibi ya Wales ilikuwa na biashara kubwa ya kutega sungura kwa ajili ya nyama na ngozi, na mitego hiyo ilinasa vicheche bila kuchagua. Sungura walipokwisha, biashara ikafa. Kicheche alipata njaa na nafuu kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1958 ule mtego wa meno ulipigwa marufuku England na Wales, na sungura waliposhika tena kasi ya kuzaana, njia ya mashariki ilikuwa wazi.

Akaifuata. Alipita Shropshire na Herefordshire, akavuka bonde la mto Severn, akaingia kaunti za kati mwa England, na baadaye akaonekana hadi Norfolk na Suffolk, upande wa pili kabisa wa nchi. Kuna sehemu chache, kama Cumbria kaskazini, ambako watu walimwachia kimyakimya bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwingine kote alikwenda kwa miguu, usiku, kizazi baada ya kizazi. Shirika la Vincent Wildlife Trust, lililoanzishwa mwaka 1975, ndilo lililofuatilia safari hiyo kwa tafiti za kitaifa zilizofanyika miaka ya 1990, katikati ya miaka ya 2000, na tena 2014 hadi 2015. Mbinu yake ni nyepesi: liliwaomba wananchi watume taarifa, picha na mizoga.

Hapo ndipo shida ya fereti ilipojitokeza, nayo ni shida inayostahili kuelezwa kwa kituo.

Fereti ni kicheche aliyefugwa. Watu wa Ulaya walianza kumfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita ili wamwingize kwenye mashimo ya sungura. Mwindaji hufunika matundu ya nje kwa nyavu, humtia fereti ndani, na sungura hutoka mbio na kuangukia wavuni. Kazi hiyo bado inafanyika vijijini Uingereza hadi leo, na fereti wengine hufugwa kwa mapenzi tu. Baadhi hupotelea shimoni wasirudi. Fereti mweupe mwenye macho mekundu hamchanganyi mtu, lakini wapo wafugaji wanaopenda wenye rangi ya porini, nao ukiwaona gizani kwa sekunde mbili huwezi kuapa. Mbaya zaidi, fereti na kicheche wa porini wana idadi sawa ya kromosomu, 40, wanapandana bila kizuizi, na watoto wao huzaa.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Molecular Ecology ulithibitisha kilichoshukiwa: damu ya fereti imeenea kwa vicheche wengi wa Uingereza, na wale wa Wales ndio walio safi zaidi. Sababu yake si ngumu. Fikiria dume aliye mstari wa mbele wa safari ya mashariki. Amefika kaunti ambayo haijakanyagwa na kicheche kwa miaka themanini. Msimu wa kupandana umewadia, jike wa aina yake hayupo kilomita na kilomita, ila kuna fereti jike aliyetoroka kwenye banda la mtu. Matokeo unayajua. Baadaye vicheche wengine wakifika na kupandana na kizazi hicho, damu ya fereti hupungua kidogo kidogo, lakini haiishi.

Wapo wanaolalamika kwamba mnyama wa namna hiyo si kicheche tena. Mimi naona malalamiko hayo yamepita kiasi. Fereti aliyezoea kuletewa nyama kwenye bakuli haishi muda mrefu porini, na sifa za kufugwa huondolewa na njaa, baridi na magari haraka kuliko kamati yoyote ya wataalamu. Wanaobaki huishi kama vicheche, huwinda kama vicheche na hukwepa watu kama vicheche. Hata hivyo mtafiti anayechora ramani ya kuenea kwao hana budi kujua ni nani aliyelala mbele yake, na kwa hilo kuna utaratibu.

Andrew Kitchener wa National Museums Scotland, jijini Edinburgh, ni miongoni mwa wataalamu waliotumia miaka mingi kusoma manyoya ya wanyama hawa. Mzoga ukilazwa chali mezani, jicho huenda kwanza kooni. Kicheche halisi ana koo jeusi, au ana kibaka kidogo tu cha rangi nyepesi. Kibaka hicho kikizidi milimita 50, fereti anahusika. Kisha nyayo: ziwe nyeusi, kwani vidole vyeupe ni dalili mbaya. Mzoga ukigeuzwa, inatazamwa pua. Kwa kicheche halisi weusi wa barakoa hufika hadi kwenye ngozi ya pua, ilhali kwa fereti na chotara mara nyingi huishia njiani. Weupe wa mashavu nao usivuke nyuma ya masikio. Mwisho vidole hupitishwa kwenye mkia na sehemu ya nyuma ya mwili kutafuta nywele ndefu nyeupe zilizotawanyika, kwani kicheche halisi hana. Kila dalili peke yake ni dhaifu, hasa mwisho wa kiangazi mnyama anapobadili manyoya na uso wake kufifia. Zikiunganishwa, hutosha kutoa uamuzi kwa wanyama wengi bila kusubiri maabara.

Nyayo zilizochapwa kwenye tope hazisaidii sana. Zina vidole vitano, na zinafanana mno na za minki wa Marekani, mnyama aliyetoroka kwenye mashamba ya manyoya na kuthibitishwa kuzaana porini kando ya mto Teign, Devon, mwaka 1956. Kinyesi chake, chembamba kilichosokotwa na kuchongoka mwishoni, nacho hakitofautiki na cha minki bila kipimo cha vinasaba. Minki mwenyewe akionekana ni rahisi zaidi: ni wa rangi moja iliyokoza mwili mzima, ana weupe kidogo kidevuni tu, na hukaa karibu na maji.

Basi anayetaka kumwona kicheche akiwa hai aanze na kalenda. Kati ya Februari na Aprili madume huzurura kutafuta majike, huvuka barabara bila simile, na idadi ya mizoga hupanda. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 40 na kuzaa Mei au Juni, watoto watano hadi kumi kwa kawaida. Jioni za Julai, jua la Uingereza linapochelewa kuzama, ndio wakati wenye matumaini, kwani mama hulazimika kutoka kabla ya giza ili aushibishe uzao wote huo, na watoto wakishakua kidogo humfuata nyuma kwa mstari, pua ya mmoja karibu na mkia wa mwingine. Mahali pa kukaa ni kwenye kingo za malisho zenye mashimo mengi ya sungura, upepo ukikupiga usoni. Septemba na Oktoba vijana huachana na mama na kwenda kutafuta maeneo yao, na mizoga huongezeka tena barabarani.

Majira ya baridi ni hadithi tofauti. Sungura wakipungua na vyura wakijificha, kicheche husogea karibu na nyumba za wakulima. Kwenye mabanda ya ng'ombe kuna majani makavu ya kulalia, kuna joto, na kuna panya wa kutosha. Watafiti waliowavisha vicheche vifaa vidogo vya redio waliwakuta wakihamia kwenye nyua za mashamba msimu huo na kukaa humo siku kadhaa. Mkulima hulala, na chini ya marobota ya majani kazi ya kuwinda panya inaendelea hadi alfajiri bila gharama yoyote kwake.

Kuhusu vyura, kuna tabia moja ambayo wachunguzi wa maumbile wameitaja tangu zamani nayo si ya kupendeza wakati wa kula. Kicheche akipata vyura wengi kwa mpigo, kama kwenye dimbwi wanapokusanyika kutaga, huwauma nyuma ya kichwa, pale fuvu linapokutana na shingo. Chura hafi papo hapo, ila hawezi tena kuruka. Kisha hubebwa mmoja mmoja hadi shimoni na kuwekwa akiba. Akiba za namna hiyo zimefukuliwa zikiwa na makumi ya vyura. Nyama haiozi kwa kuwa bado iko hai.

Wengi siku hizi hutegemea kamera za kutega, zile zinazojiwasha mnyama akipita. Zinafungwa kwenye mguu wa ua, mdomoni mwa shimo la sungura au chini ya kibanda bustanini, kwa usawa wa goti au chini zaidi. Picha za usiku hazina rangi, kwa hiyo hudhurungi na malai havikusaidii. Tazama uso: weupe, weusi, weupe. Kicheche wa misonobari, ndugu yake mwenye mkia wa manyoya mengi, ana kibaka kikubwa cha rangi nyepesi kifuani na masikio makubwa yaliyosimama, na uso wake hauna barakoa.

Sasa turudi kwenye ile mizoga, kwa sababu ndani yake kuna habari ambayo kamera haiwezi kuipiga.

Katika visa vya Geoffrey Chaucer, mshairi wa karne ya 14, yumo kijana anayekwenda kwa muuza dawa kununua sumu. Anadai nyumbani ana panya wanaomsumbua, na pia kuna kicheche anayemalizia majogoo wake. Ni uongo, sumu ni ya kuwaulia wenzake. Lakini uongo huo ulikubalika dukani kwa sababu kila mtu aliona ni jambo la kawaida: sumu ya panya na kicheche katika sentensi moja. Miaka zaidi ya 600 imepita, na viwili hivyo bado viko pamoja, ingawa hakuna tena mkulima anayemkusudia kicheche.

Sumu za panya zinazotumika leo huzuia mwili kutumia upya vitamini K, na bila vitamini hiyo damu haigandi. Panya akishakula hafi siku hiyo. Huendelea kutembea kwa siku kadhaa, akizidi kuwa mzito na mchovu, akiwa na sumu tumboni na kwenye ini. Panya wa namna hiyo ni windo rahisi kuliko yeyote. Sumu zenye nguvu zaidi, zilizobuniwa baada ya panya wengi kuwa sugu kwa zile za kwanza, hukaa kwenye ini la aliyemla panya kwa miezi. Kicheche anayekula panya watano kwenye banda moja mwezi Januari anarundika dozi juu ya dozi.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la Environmental Pollution matokeo ya kupima maini ya vicheche 68 waliokusanywa kati ya 2013 na 2016. Mabaki ya sumu yalikutwa kwa 54 kati yao, sawa na asilimia 79. Wakilinganisha na vipimo vya miaka ya 1990, walikadiria kwamba uwezekano wa kicheche kukutwa na sumu hiyo umepanda mara 1.7 katika robo karne. Wanyama wenye umri mkubwa ndio waliokutwa nayo zaidi, jambo linaloonyesha kwamba kila mwaka wa kuishi ni mwaka wa kuongeza.

Kukutwa na sumu si sawa na kufa kwa sumu, na ni haki kusema hivyo. Wengi wa wanyama waliopimwa waligongwa na magari. Kicheche mwenye damu isiyoganda vizuri anaweza kuishi, kuzaa na kuendelea kutembea usiku, na kuenea kwao hadi Suffolk kunaonyesha kwamba kwa jumla wanamudu. Lakini mnyama aliyepona mitego ya karne nzima sasa anabeba kemikali ambayo hakuna aliyemtegea, kutoka kwa watu ambao kimsingi anawafanyia kazi. Sungura wa Uingereza nao wanazidi kupungua, wakipigwa na ugonjwa mwingine wa virusi unaowavujisha damu, na sungura wakikosekana kicheche atazidi kuwageukia panya. Hapo ndipo mimi naona hatari ya miaka ijayo ilipo, kuliko kwenye damu ya fereti.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kumtega au kumuua kwa mbinu fulani bila kibali. Haisemi chochote kuhusu panya aliyekula sumu. Mkulima anayetaka kupunguza madhara ana njia: aanze na kuziba matundu na kuondoa chakula kilichomwagika, atumie mitego ya kubana inayoua papo hapo, sumu iwe ya mwisho na kwa muda mfupi, na mizoga ya panya iokotwe kila asubuhi. Hakuna jipya katika orodha hiyo, na hakuna gumu.

Wasomaji wetu walioko Uingereza wana nafasi ya kushiriki. Leicester, mji wenye familia nyingi zilizotoka Kenya na Uganda miaka ya 1960 na 1970, uko ndani ya eneo ambalo vicheche wamelirudia, na anayeendesha gari kwa barabara ya A44 kutoka Worcester kwenda Aberystwyth anapita moja kwa moja kwenye ngome yao ya zamani. Ukimwona mmoja amelala kando ya barabara, hasa Februari na Machi au Septemba na Oktoba, na pana usalama wa kusimama, usipite tu. Usisimame kwenye barabara kuu za mwendo kasi, hilo halina mjadala. Vaa glavu, piga picha tatu: uso kwa mbele, koo mnyama akiwa chali, na mwili mzima kwa ubavu ili nyayo na mkia vionekane. Andika tarehe na mahali, kisha tuma kwa Vincent Wildlife Trust, kwa Mammal Society au kwa kituo cha kumbukumbu za viumbe cha kaunti yako. Picha ya ubavu peke yake haitoshi, kwa sababu bila uso na koo hakuna mtaalamu atakayeweza kusema kama ulichokiona ni kicheche au fereti wa jirani.